Mstari wa Mzee Miwani

Mstari wenyewe haukuwa na kazi. Kila mashine ilipowashwa, kabla hata ya kupima joto, programu iliandika neno moja kwenye dirisha jeusi la kompyuta: Umelala? Kisha ikaendelea na shughuli zake. Sasa mashine ya kutunzia watoto njiti inamuuliza nani kama amelala?

Bi Usafi, kama wenzake walivyomwita pale karakana, hakuvumilia takataka ndani ya programu. Hii aliirithi kwa Mzee Miwani, aliyekuwa amestaafu, na mzee huyo aliandika C, lugha ya kuundia programu, kama mtu anayehama nyumba usiku: kila kitu kinatiwa guniani. Akaufuta ule mstari. Akaandika gcc, akaongeza -Wall ili kompaila, mfasiri wa programu kwa mashine, imtajie kila dosari, akabonyeza. Kompaila haikulalamika hata kidogo, naye akajisikia raha. Siku hiyohiyo programu mpya ikawekwa kwenye mashine za hospitali, pamoja na ile alimolala mtoto wa mdogo wake, kichanga wa kuenea kwenye viganja viwili.

Kesho yake mchana, jua likiwaka, mashine ya majaribio pale karakana ikaanza kupoa yenyewe. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Kuna waya unaungua?" Bi Usafi akamuuliza fundi umeme wa meza ya pili.

"Nimekagua zote," fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Hata mimi naisikia. Tangu jana."

Akaifungua programu ndani ya gdb, chombo cha kuitembeza mstari kwa mstari na kuisimamisha popote. Joto likapanda, likatulia kama darasa lililomwona mwalimu mlangoni. Akatoka kwenye gdb, akaiacha programu iende peke yake, na joto likashuka. Akarudia tena na tena, na kila alipoichungulia ilijifanya njema, na kila alipoiacha kitu kilikwaruza taratibu ndani ya kile kisanduku kitupu, na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, mahali ambapo hapakuwa na kiumbe wa kupumua, na nywele zikamsimama kwa sababu hapo ndipo alipomkumbuka mtoto wa mdogo wake, aliyelala kwenye mashine yenye programu hiyohiyo bila mtu wa kuichungulia.

Akampigia Mzee Miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka?"

"Ule mstari wa umelala. Niliufuta."

Kiti cha mzee kikalia upande wa pili, kama ameinuka ghafla.

"Sikuuweka kwa mchezo," akasema. "Kuna kitu mle. Nilikikuta kwenye mashine ya kwanza kabisa, na kila nilipoinakili programu kilikuja nayo. Ukikiuliza kama kimelala, kinajifanya kimelala. Usipokiuliza, kinaanza kuuliza chenyewe. Urudishe sasa hivi. Na mtu yeyote asikijibu, mwanangu. Asikijibu hata kwa adabu."

Akauandika upya harakaharaka, akasahau nukta mkato mwishoni, kompaila ikamkatalia. Akaiweka, ikakubali. Umelala? likatokea kwenye dirisha jeusi. Joto likapanda na kubaki, harufu ikaondoka. Akanakili programu kwenye flashi, akatoka mbio.

Hospitali alimkuta mdogo wake amesinzia kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine. Akaunganisha kompyuta yake, akaipakia programu, akasubiri. Umelala? Joto likasimama pale linapotakiwa. Kifua cha mtoto kilipanda na kushuka vizuri. Bi Usafi akaegemea ukuta akalia kwa furaha, bila kujali nani anamwona.

"Dada, umekuja," mdogo wake akasema, akijifuta macho. "Afadhali. Nimechoka hadi kwenye mifupa."

"Ulikuwa peke yako?"

"Kuna nesi alipita asubuhi. Sikumwona vizuri, usingizi ulikuwa umenikamata. Nilimsikia tu hapo nyuma ya mashine akiniuliza, umelala? Ana sauti ya upole, huyo."

Bi Usafi akageuka kuangalia nyuma ya mashine. "Ukamjibu?" akanong'ona.

"Ningeachaje? Nikamwambia nakaribia kulala, nikamwomba anishikie mtoto kidogo." Akatabasamu. "Akasema haya."

Bi Usafi hakungoja kusikia zaidi. Akafungua kile kidirisha cha kioo, akapenyeza mikono yote miwili chini ya mtoto, akamwinua. Mtoto hakuinuka. Chini ya mgongo wake mdogo, vidole vya Bi Usafi vilikuta vidole vingine, vya moto, vimemshika sawasawa.