Leo Hatuchomi Majani

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Zuena alifagia uwanja wa bibi yake kwa fagio la chelewa. Alianzia barazani, akapita chini ya mikorosho miwili, akamalizia nyuma ya jiko. Hakuacha jani hata moja. Ardhi nyekundu ilibaki na mistari myembamba, kama nywele zilizochanwa vizuri. Katika kitongoji chao, nje kidogo ya mji wa Handeni, msichana alipimwa kwa uwanja wake, na uwanja wa Bibi Maryamu ulisifiwa kuliko wote. Zuena akimaliza, bibi alitoka na kibiriti, akayachoma majani.

Asubuhi hiyo Zuena alikiwahi kibiriti, akakifumbata mkononi.

"Leo hatuchomi, Bibi."

"Lete kibiriti, mwanangu. Utachelewa shule."

"Nitachelewa. Lakini hatuchomi."

Bibi Maryamu alimkodolea macho. Mjukuu wake alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kumkatalia jambo.

Jana yake, Mjomba Mbaruku alikuwa amekuja kuikagua bustani ya nyuma ya jiko, bustani aliyokuwa akiilima marehemu mama yake Zuena. Alipiga jembe, jembe likaruka kama limegonga jiwe.

"Udongo huu umekufa," alisema. "Mwaka wa pili hautoi hata mchicha. Nitauchimba nifyatue matofali, nimjengee bibi yako chumba."

Zuena alielewa maana yake. Udongo ukishachimbwa, linabaki shimo. Pale mama yake alipokuwa akiinama kupalilia, pangekuwa dimbwi la vyura.

Alipokuwa akizunguka bustani kwa hasira, alifika kwenye ua wa mikonge, mahali ambapo fagio halikufika. Majani yalikuwa yamejirundika pale miaka mingi. Aliyafukua kwa kidole. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu, na nyungunyungu wawili wakikimbia mwanga.

Sasa alimfumbulia bibi kiganja cha pili, kilichojaa udongo ule.

"Huu nao ni wa hapa hapa, Bibi. Tofauti ni kwamba huu haujafagiliwa wala kuchomwa."

Kabla bibi hajajibu, Mjomba Mbaruku aliingia uwanjani na kalibu ya kufyatulia matofali begani.

"Shikamoo, mjomba. Naomba uniachie bustani mpaka vuli iishe."

"Marahaba. Uifanye nini? Uisomee dua?"

"Niilishe."

Mjomba alicheka mpaka kalibu ikamponyoka. "Haya, bwana shamba. Vuli ikiisha bila mboga, naingia na jembe. Tena sitaki machozi."

"Hutayaona," alisema Zuena.

Tangu siku hiyo majani yote yalikwenda kwenye kivuli nyuma ya jiko. Zuena aliweka tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi na maganda ya ndizi, kisha samadi ya mbuzi. Alinyunyizia maji, akafunika rundo kwa magunia makuukuu. Majani mengine aliyatandaza juu ya bustani, ardhi isiungue na jua.

Maneno yakaanza. Mama Hosiana, jirani yao, alichungulia juu ya ua akauliza, "Bi Maryamu, siku hizi kwako hapafagiliwi? Mtafuga nyoka!" Bibi aliinamisha kichwa kwa aibu. Shuleni, Muhsin, mtoto wa jirani mwingine, alimpachika jina la Malkia wa Takataka.

"Malkia ni malkia," Zuena alimjibu. "Wewe u nani?"

Darasa zima liliangua kicheko, na Muhsin akajifanya anatafuta kalamu.

Mvua ya kwanza iliponyesha katikati ya Oktoba, Zuena alishindwa kusubiri. Rundo lilikuwa halijaiva; majani yake bado yalionekana ni majani. Hivyo alikwenda kwenye banda la mbuzi wao, akachota samadi mbichi, akaijaza kwenye mashimo na kupanda miche ya bamia. Baada ya siku tano miche yote ilikuwa imekauka, kingo za majani zimekuwa kahawia kama zimepitiwa na moto.

Mjomba alikuja, akaitazama, akatikisa kichwa. "Nilisema."

"Labda ni mbuzi wa kina Muhsin," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Wanaingia kila siku."

Zuena angeweza kunyamaza tu. Mbuzi wale walijulikana kitongoji kizima.

"Si mbuzi, Bibi. Ni mimi. Nilitia samadi mbichi, ikaunguza mizizi. Nilikuwa na haraka." Alimgeukia mjomba. "Lakini udongo haujafa. Njoo."

Alimshika mkono, akafunua magunia na kuuzamisha ndani ya rundo. Mjomba aliutoa upesi.

"Mna moto humu!"

"Bado linaiva. Na vuli haijaisha. Ulitoa neno lako, mjomba."

Mjomba alijifuta mkono kwenye suruali. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Nilitoa," alisema, akabeba kalibu yake na kuondoka.

Kila Jumamosi Zuena aliligeuza rundo kwa jembe, mikono ikatoka malengelenge. Katikati ya Novemba lilikuwa limepoa, jeusi, linanukia kama ardhi baada ya mvua. Alilichanganya na udongo wa bustani, akasia mchicha, na ulipoota akatandaza majani katikati ya mistari. Kisha mvua ikakatika siku kumi na mbili. Bustani ya Mama Hosiana ilipasuka nyufa. Zuena alipoinua majani yake, chini palikuwa na unyevu.

Vuli ilipoisha, Mjomba Mbaruku alikuja na jembe. Alikuta mchicha unamfika magotini. Akalichoma jembe ardhini. Lilizama mpaka kwenye mpini.

"Matofali nitafyatulia kule bondeni," alisema.

Mama Hosiana naye alikuwa amechungulia. "Bi Maryamu, mmetia dawa gani?"

Safari hii bibi hakuinamisha kichwa. "Majani, Mama Hosiana. Yale uliyosema tutafugia nyoka. Miaka arobaini nimechoma chakula cha ardhi kila asubuhi, kisha naisema kwamba haizai. Uwanja wa mbele tutafagia kwa heshima ya wageni. Majani yake hayachomwi tena."

Akamshika Zuena bega. "Na wewe sikiliza. Ungewasingizia wale mbuzi, usingejua kosa lako, ungelirudia, na leo hapa pangekuwa shimo. Ulikiri, ukasubiri, ukafanya kazi. Ndiyo maana tunakula."

Kesho yake alfajiri, moshi ulianza kufuka kwa Mama Hosiana. Bibi Maryamu alichukua gunia tupu, akatoka mbio mbele ya Zuena.

"Mama Hosiana!" alipaza sauti. "Zima huo moto! Leo hatuchomi!"