Waliobaki Wamesimama

Lori la buluu liliwasha taa za breki, likakata kuingia kituo cha mafuta bila kuonyesha ishara.

Kobe hakupunguza mwendo. Alipitiliza na pikipiki yake, Yamaha, akazunguka nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, akazima injini.

Katika Idara ya Upelelezi walimwita Kobe kwa sababu hakuwahi kuonekana ana haraka, wala hakuna aliyewahi kumwona akifika mahali. Unageuka, yupo.

Dereva na utingo wake waliteremka wakibishana.

"Jana nilinunua mimi."

"Jana ulinunua maji, kaka. Maji si soda."

Wakaingia dukani. Kisikizi cha redio sikioni mwa Kobe kikakwaruza.

"Kobe. Uko wapi?"

"Nyuma ya mzigo, Mkuu."

"Usiuguse. Ufuate mpaka uani pa hospitali. Leo kampuni inawakabidhi mitungi kwa hafla, na yule mtu wao wa serikalini lazima ajitokeze. Tunamtaka yeye."

"Nataka kuchungulia tu."

"Shemeji." Sauti ilishuka. Mkuu alimwita hivyo kazini pale tu alipotaka kumshinda. "Ni oksijeni iliyokwepa ushuru. Basi. Huna cha kuchungulia."

Mkuu alikuwa kaka wa marehemu mke wa Kobe. Tangu mazishi, wawili hao walikuwa wakikutana mezani kwa mama mkwe, wakila kimya, kila mmoja akikwepa kukitazama kiti kilichobaki wazi.

Kobe alichungulia.

Chini ya turubai mitungi ilikuwa imelala kama samaki, imepakwa rangi mpya. Alipitisha kidole kwenye valvu. Kikateleza.

Grisi.

Alikitazama kidole hicho kwa muda. Mtu anayejaza oksijeni huiogopa grisi kama nyoka. Oksijeni ikitoka kwa nguvu ikakutana na mafuta, inawaka. Mwanafunzi wa kazi hiyo hufundishwa jambo hilo kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Aliyezipaka valvu hizi hakuwa mzembe. Alijua kilichomo ndani si oksijeni.

Kobe akatoa kipimo cha oksijeni, kidogo kama kiberiti cha gesi. Akafungua valvu kidogo sana.

Sifuri.

Naitrojeni. Gesi ya viwandani, ya bei ya chini, haina rangi wala harufu. Mgonjwa akipewa hiyo atavuta pumzi vizuri tu mpaka afe.

Ndipo ile siku ikamrudia. Operesheni ndogo, walisema, katika hospitali hiyo hiyo lori lilikokuwa likienda. Mkewe alikuwa akicheka juu ya kitanda cha magurudumu, akimtuma akalete ndala, kwa sababu zile za hospitali zilikuwa mguu mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Aliporudi na ndala, daktari alikuwa mlangoni. "Tuliongeza oksijeni. Tukaongeza tena. Moyo umeshindwa." Nyuma yake, kando ya kitanda, ulisimama mtungi wenye nembo ya ndege mweupe.

Mitungi hii ilikuwa na ndege huyo huyo.

Akafunga valvu. Akarudisha turubai.

"Kobe? Kuna kitu?"

Akiitoa habari hii kwenye redio ya kazi, mtu wa serikalini angeipata kabla lori halijatoka hapo. Siri za Idara zilikuwa na tabia ya kutoroka.

"Hakuna kitu, Mkuu."

Uani pa hospitali palikuwa na turubai jeupe, utepe mwekundu na kamera za televisheni. Mkurugenzi wa kampuni aliketi mstari wa mbele, kando ya Naibu Katibu wa wizara. Mkuu alisimama kwenye nguzo ya nyuma, amevaa miwani ya jua, kama mgeni mwalikwa.

Kobe alikuja amevaa ovaroli, spana mkononi. Fundi wa gesi wa hospitali, mnene na mchangamfu, akampokea.

"Wewe ndiye wa kampuni? Mnachelewa kama bibi harusi!"

"Foleni, kaka."

Hotuba zikaisha. Mkurugenzi akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mitungi.

"Fundi! Fungua kidogo, wananchi wasikie sauti ya uhai!"

Kobe akapiga goti. Akafuta valvu kwa kiganja, akakiinua juu, kimetapakaa weusi unaong'aa.

"Grisi!" alipiga kelele. "Kuna grisi kwenye valvu! Inalipuka! Kimbieni!"

Akaifungua yote.

Mtungi ulipiga mluzi wa kutisha. Fundi wa hospitali alikuwa wa kwanza. Aliruka kiti kama kijana. Kamera zilianguka. Viti vilipinduka. Naibu Katibu aliacha kiatu kimoja chini ya meza na hakukirudia.

Mkurugenzi alibaki palepale, amekunja uso.

"Acheni upuuzi! Hakuna kitakacholipuka hapa!"

Na kwenye nguzo ya nyuma mtu mwingine alibaki wima, mikono imekunjwa, akitikisa kichwa kwa kuudhika.

Mkuu.

Kobe alifunga valvu. Kila hatua kuelekea nguzo ile ilikuwa nzito.

"Mbona hukukimbia, shemeji?"

"Nakujua. Nilijua unaigiza."

Kobe akamwonyesha kiganja. "Grisi hii siyo ya maigizo. Na asubuhi uliniambia ndani kuna oksijeni."

Mkuu aliutazama mkono.

"Ulijua? Wakati wa dada yako, ulishajua?"

"Waliniambia gesi hii ni ya kwenda zahanati za mbali." Mkuu alisema. "Sikujua imefika hapa. Haki ya Mungu, sikujua."

"Za mbali," Kobe alisema. "Huko hawalazwi dada za watu?"



Askari kanzu wawili walifika wakihema. "Mkuu, Naibu Katibu yuko nyuma ya ambulansi. Tumkamate kama ulivyoagiza?"

Kumbe Naibu Katibu, aliyekimbia kama wote, alishaandaliwa kubebeshwa lawama.

Kobe akapenyeza mkono chini ya koti la shemeji yake, akaichomoa bastola yake, akamkabidhi askari pamoja na kipimo.

"Mpe fundi apime mitungi yote mbele ya kamera. Halafu kamateni hawa wawili waliobaki wamesimama."

Askari walitazamana. Hakuna aliyesogea, mpaka Mkuu mwenyewe alipovua miwani na kunyoosha mikono.

Kobe hakungoja kusikia mlio wa pingu. Alikuwa akivua ovaroli karibu na pikipiki simu ilipoita. Mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeshapakua. Namtafuta mwenzio, simu yake inaita tu. Uko naye?"

"Nilikuwa naye."

"Basi mwambie aache kazi zake, mje mle. Mmebaki ninyi tu wanangu."

Nyuma yake watu walikuwa wakizomea. Fundi alikuwa ameshasoma kipimo cha kwanza kwa sauti: sifuri.

"Nakuja, mama," Kobe alisema.

Akavaa helmeti, akaondoka polepole, bila kugeuka.