Mazombi Waliotoa Shikamoo

Gari la wasanii lilizima katikati ya korongo saa nane mchana, na maji yakaja bila hodi. Paulina aliyasikia kabla ya kuyaona, mngurumo wa chini chini kutoka upande wa milimani. Mara ubavu wa gari ukainuka, kila mtu akamwita Mungu wake.

Walikuwa wanne, wakitoka porini kati ya Mikumi na Kilosa kurekodi tamthilia ya televisheni, ile ya familia zinazokimbia mazombi. Paulina ndiye mpambaji. Tangu alfajiri aliwapaka wenzake ngozi zilizooza na damu za kidevuni, na zombi mmoja alipokosekana akajipaka mwenyewe. Halafu akajisifu, kazi kujisifu: "Rangi yangu haitoki kwa maji. Mvua inyeshe, haibanduki ng'o!"

Sasa walitoka garini kupitia dirishani. Vitalis, dereva, alimvuta Mzee Ditram, fundi reli mstaafu aliyeanza kuigiza uzeeni. Odilia, mwigizaji mwenzao, akaruka wa mwisho, na bati la mlango lililochanika likampitia pajani. Walipofika ukingoni gari lilishakwenda na maji, pamoja na simu, chakula, na chupa ya mafuta ya kutolea rangi.

"Dada, mguu," Odilia akasema.

Paulina akatazama. Damu kila mahali, na nyingi aliipaka yeye. Ya kweli ni ipi? Akapapasa mpaka vidole vikakuta yenye joto. Kidonda kilikuwa kirefu kama kiganja, na kimefunguka. Alivua kanga kiunoni, akaikunja, akakandamiza, akafunga kwa nguvu zake zote.

"Barabara iko wapi?" akauliza.

"Ng'ambo ya maji," Vitalis akajibu. "Leo haivukiki."

Mzee Ditram alikuwa ametega sikio. "Kengele. Kuna ng'ombe kule juu. Hawawezi kuwa peke yao."

Walimbeba Odilia kwa zamu, mvua mgongoni, matope magotini, miiba mikononi. Tembo na ndama wake walikatiza mbele yao, nao wakasimama hapo hapo bila hata kukohoa mpaka wanyama wapite. Lakini kilichomtisha Paulina zaidi ni kwamba Odilia alikuwa ameacha kulalamika.

"Odilia! Mwanao anaitwa nani?"

"Brayan."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi usilale. Anakusubiri."

Mvua ilikatika walipoliona boma. Langoni alisimama mfugaji, Masunga. Naye akawaona: watu wanne wamebebana, nyama za mashavu zinaning'inia, wanakuja kwa kuyumba. Na bahati mbaya gani, boma lile lilikuwa na televisheni ya sola, na mazombi alishawaona humo!

"Mama! Mazombi!"

Akaziba lango kwa matawi ya miiba, akaita mbwa, akashika mkuki.

"Sisi ni waigizaji!" Vitalis alipaza sauti, nayo imekauka, inakwaruza.

"Semeni mtakavyo, hapa hamwingii!"

Paulina alijisugua uso kwa nyasi, kwa matope, kwa mkono wa blauzi. Haikubanduka. Kazi yake nzuri kuliko zote ndiyo inammaliza mwenzake, na kanga ilishalowa. Akalia kwa uchungu.

Ndipo akatokea mama yake Masunga, Bibi Monica, shuka begani. Paulina akafanya alichofundishwa nyumbani kwao tangu anaanza kuongea. Alipiga magoti matopeni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Lilimtoka bibi kabla hajafikiri, maana maishani mwake hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila jibu. Akamtazama tena. "Hamjambo?"

"Hatujambo, bibi. Ila mwenzetu anatokwa damu. Hii ya usoni ni rangi. Ya pajani ndiyo ya kweli."

"Masunga, shika mbwa wako. Tangu lini zombi akaamkia watu?"

"Mama, labda wamejifunza!"

"Basi wamekushinda wewe. Tangu asubuhi hujaniamkia. Fungua!"

Masunga akafungua. Bibi aliwapa maziwa ya moto, akaamuru mkokoteni wa ng'ombe ufungwe, wapite njia ya juu isiyo na korongo hadi zahanati. Yeye mwenyewe alipanda na kopo la samli, akawa anampaka Odilia usoni taratibu, nesi naye asije akakimbia. Rangi ile iliyoishinda mvua ikalainika, ikatoka. Chini yake kulikuwa na uso wa msichana, umepauka, lakini unapumua.

"Kumbe mtoto mzuri hivi," bibi akasema. "Nani kakuharibu?"

"Mimi, bibi," Paulina akajibu, huku bado ameikandamiza kanga kwa mikono miwili.

Walifika kabla jua halijazama. Nyuzi kumi na nne. Nesi aliwaambia wazi kwamba wangechelewa kidogo tu, yangekuwa mengine.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, Odilia alirudi bomani na Brayan mkononi na kovu refu chini ya gauni. Paulina alikuja pia, na siku hizi haendi kazini bila kopo la samli. Walikaa mkekani na familia nzima, wakatazama mazombi wakisukuma lango, mama wa kwenye tamthilia akipiga mayowe ndani na kukumbatia wanawe.

Bibi Monica akafyonya.

"Hawa nao! Si wasalimie tu, wafunguliwe?"