Feni ya Bibi Kristina na Waya Uliovuka Uzio

Mlipita pale kila siku. Mliuona ule waya mweusi ukitoka chini ya bati la Telesphory, ukivuka uzio, ukiingia saluni ya jirani yake, Ester. Mkageuza nyuso, maana wengi wenu mna waya wa namna hiyo makwenu.

Nyumba ya Telesphory, hapahapa Ifakara, ilikuwa tulivu. Mpunga ulishavunwa, magunia yamepangwa ukutani. Mama yake, Bibi Kristina, aliyepooza miguu, alishinda amelala chini ya feni. Bila feni, joto la bonde hili lilimkata pumzi.

Feni ikaanza kuzunguka kivivu. Telesphory akabadilisha kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa feni nguvu ya kuzunguka, kama tufanyavyo wote. Wapi! Mkewe, Merina, ndiye aliyekaa akaangalia. Asubuhi feni inakwenda vizuri. Ester akiwasha draya ya kukaushia nywele, inalegea. Akizima, inachangamka.

Merina akazima swichi kubwa, akapanda darini. Waya wa jirani ulikuwa umeungwa kwenye waya mwembamba wa feni, ukaviringishiwa mfuko wa nailoni. Nailoni ilikuwa imeyeyuka, na pale penye maungio pameungua.

"Baba Evod, tuukate," alimwambia mumewe aliposhuka. "Waya wa feni hauwezi mzigo huu."

"Nimkatie Ester? Aliyetupalilia mpunga kule shambani Mchombe wakati wewe umejifungua? Watu watasemaje?"

Ester alikuwa uzioni, akasikia.

"We Mama Evod! Feni yako imechoka kama mumeo, halafu unaisingizia draya yangu?"

Wanawake waliokuwa wakisukwa wakaangua kicheko. Balozi wa nyumba kumi akaitwa, akaamua kwamba jirani hanyimwi umeme. Telesphory akazungushia solotepu mpya juu ya maungio yaleyale yaliyoungua. Shauri likaisha.

Mimi jirani yenu nilisema. Nilikumbusha nyumba ya kule Kivukoni iliyoteketea hivihivi, na wengine wenu mlibeba ndoo za maji siku ile. Mkaniita mchochezi.

Ikafika Jumamosi yenye harusi mtaani, wateja wakajaa saluni. Ester aliazima draya ya pili, zote zikanguruma mchana kutwa. Merina alikuwa bombani akichota maji. Aliporudi, dari ilikuwa inawaka juu ya kitanda cha mkwewe. Alimburuta na godoro lake mpaka nje.

"Mwanangu, mpunga," Bibi Kristina alisema, akikohoa.

"Acha mpunga, mama. Vuta pumzi."

Hakuivuta vya kutosha. Moshi ulikuwa umeshaingia kifuani. Alifariki hospitalini kesho yake.

Msibani mlisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine mkanong'ona amerogwa. Waya hakuutaja mtu. Na kabla matanga hayajaanuliwa, Ester alikuwa ameshavutiwa umeme kutoka nyumba ya upande wa pili, ninyi mkimshikia fundi ngazi.

FUNZO

Feni ikipungua kasi na kapasita ni mpya, tafuta ni nini kingine kinachokula umeme kwenye waya uleule. Kupaliliana mpunga ni ujirani. Kuuguzana ni ujirani. Kumning'iniza jirani kwenye waya wa feni ni kumwekea mgonjwa wako moto juu ya kichwa, eti kwa kuogopa kununiwa.

Sasa inuka. Toka nje, tazama bati lako. Kama kuna waya unaovuka uzio, zima swichi kubwa, mwite fundi aukate leo. Jirani na anune.