Sweta la Kuvaliwa Kambini

Kila Thembo alipoitwa kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Ruwenzori, binti yake Ithungu alikuwa na kazi yake moja: kukausha sweta. Alilitandaza kwenye uchaga juu ya moto mpaka likanuka moshi, akalikunja, akalitia katika mfuko wa nailoni na kuufunga kwa kamba ya mgomba. Mchana kutwa mpagazi hulowa kwa mvua, kwa matope na kwa jasho lake mwenyewe. Jioni akifika kambini huvua yote na kuvaa sweta kavu, ndipo usiku wa kule juu humwacha salama. Na mfuko ukishafungwa nyumbani haufunguliwi njiani wala mlangoni, maana wapagazi wa kijiji chao, Ibanda, husema huko ni kujitakia mkosi. Huuliza tu, wakaondoka.

"Limekauka, mama?" Thembo aliuliza asubuhi ile. Alimwita bintiye hivyo kwa sababu alikuwa na jina la mama yake mzazi.

"Limekauka, baba."

Alisema uongo. Jana yake alilivaa kwenda mazoezi ya kwaya, kwa kuwa wenzake walimcheka gauni lililochanika begani, na mvua ikamkuta kwenye daraja la mto Mubuku. Alilianika usiku, lakini usingizi ukamchukua na moto ukazimika. Kulipopambazuka lilikuwa bado bichi. Aliona haya kusema, akajiambia kwamba unyevu kidogo haumdhuru mtu mzima.

Mbusa, jirani yao na mwenzake Thembo wa safari zote, alikuwa amefika mlangoni na mzigo wake.

"Thembo, bado unabembelezwa na binti?" alitania. "Ithungu, ukija kuolewa, katika mbuzi wa mahari yako vichwa vyote ni vyangu. Nimemngoja baba yako mno mlangoni hapa."

Ithungu alicheka, nao wakashika njia.

Mbusa alirudi kwa machela. Mvua ya mawe iliwapiga karibu na theluji, na walipofika kwenye pango la kulala Thembo alifungua mfuko, akakuta sweta limelowa. Alikuwa ameshaanza kukohoa. Mbusa alivua lake kavu, akamvika kwa nguvu, akasema yeye damu yake ni ya moto, akalala na shati. Asubuhi kifua kilikuwa kimembana Mbusa na maneno hayatoki sawasawa. Wenzake walimteremsha kwa zamu, lakini alikata roho kabla ya kufika barabarani.

Msibani Thembo alisema kosa ni lake, kwamba aliuweka mfuko vibaya mvua ikaingia. Tangu siku hiyo ugali wake ulirudi jikoni ulivyokwenda, akawa mtu wa kukaa ukutani kimya. Ithungu alimwona akikonda, na kila alipofungua kinywa aseme, alikifunga tena kwa woga.

Siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa wapagazi alisimama. Alisema kwa upole, lakini mbele ya watu wote, kwamba hakuna tena atakayekubali kupanda na Thembo, kwa kuwa uzembe wake umeua. Thembo aliinamisha kichwa tu. Hapo Ithungu alishindwa kuvumilia. Alisimama katikati ya wanawake.

"Mfuko haukuingia maji," alisema. "Mimi nililifunga sweta likiwa bichi. Baba aliniuliza, nikamdanganya."

Alimgeukia baba yake, akitegemea hasira.

"Najua," Thembo alisema, na machozi yakamtoka. "Nailoni haikuwa na tundu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mama."

Biira, mjane wa Mbusa, alilia kwa muda mrefu. Kisha alimwita Ithungu, akamketisha karibu naye.

"Mume wangu alitoa sweta lake kwa kupenda, hakuna aliyemnyang'anya," alimwambia. "Lakini sikia, mwanangu. Kulowesha sweta ni kosa la mtoto, tungekugombeza likaisha. Mtu anayepanda mlima hufungiwa mfuko asiouona ndani. Anachobeba ni neno la aliyebaki nyumbani. Ukiona haya kusema ukweli, mwenzio hulipa."

Mkubwa wa wapagazi alimwomba Thembo radhi, akamrudisha kazini.

Miezi ilipita. Watoto wa Mbusa walihitaji kula, na Biira akaamua kupanda yeye mwenyewe na mizigo, pamoja na Thembo. Jioni ya kabla ya safari alileta sweta la marehemu mumewe, akamkabidhi Ithungu. Ithungu alilichukua kwa mikono miwili.

Asubuhi wapagazi walikuwa wamekusanyika mlangoni, wageni wakingoja chini.

"Limekauka?" Biira aliuliza.

Ithungu alipapasa mikono ya sweta, shingo, kisha makwapa. Wote walikuwa wakimtazama.

"Bado, mama. Kwapani bado."

Biira alivua kipajini ugwe wa kubebea mzigo, akautua mzigo na kuketi. Thembo naye akatua wake, na wengine wakafuata.

"Basi tutangoja," Biira alisema. "Ungelisema hivyo siku ile, Mbusa angeketi hapa hapa nilipo, anakutania."

Ithungu alifuta machozi, akaongeza kuni.