Sikio la Mama Mkwe

Mmenikalia tena, "Bibi simulia, Bibi simulia," na mikononi mna sahani. Haya. Atakayetapika atapike nje, zulia hili nalifua mimi.

Kulikuwa na kinyozi, kiziwi nusu, mvivu kamili. Mama mkwe wake alipokufa, hata mwili haujapoa, kinyozi akaichomoa mashine ya kusikia sikioni mwa maiti akaisokomeza mwake. Nta ya marehemu ilikuwa bado juu yake, ya manjano, laini kama siagi.

"Baba, si uifute kwanza!" mkewe akasema. "Mama aliifuta kila jioni kwa kitambaa kikavu, akatoa betri, akaacha kilango wazi ipate hewa."

"Mama yako alikuwa na nafasi. Mimi nina kazi."

Akawa analala nayo. Anaoga nayo. Betri zikiisha anazitupa sakafuni, vile vidonge vya chuma vinavyong'aa, na binti yao ndiyo kwanza anatambaa.

Ulianza mluzi mdogo. Kisha, akimnyoa mteja kidevu, akasikia kitu kinatafuna. Taratibu, mdomo wazi, kama mtu asiyefunzwa kwao.

"Unakula nini?" akamuuliza mteja.

"Wembe uko kooni mwangu, nile nini? Ila wewe fundi, unanuka yai viza."

Kinyozi akaitoa betri. Kule ndani kutafuna kukaendelea.

"Nta ya mama nimemaliza," sauti ikanong'ona, na ulimi wenye maji ukapita ndani ya sikio lake. "Yako nimemaliza. Sasa nataka kinyama kile kinachotambaa."

Akatupa wembe akakimbia, usaha ukimchuruzika shingoni hadi ndani ya kola, uvundo ukimtangulia hata watu wakampisha njia, na sauti ikimchekea humo humo kichwani, mpaka akaingia ndani akamkuta mtoto amekaa kitako, amefumbua kinywa, betri inang'aa juu ya ulimi, na mama yake ndiyo anaidaka kabla haijateremka.

Mganga alikuja na koleo. Akavuta. Mashine haikutoka, ilikuwa imeota mizizi.

"Jini hili haliondoki na njaa," akasema kwa sauti ya chini. "Linataka mtoto, au sikio."

"Sikio," mke akajibu. "Hilo nalo la kuuliza?"

Kinyozi hakusikia. Alisikia lilipong'oka: mashine, sikio, na kitu kirefu cheusi chenye nywele, kikiteleza kwenye beseni huku bado kinatafuna. Mganga akakimwagia chumvi, akakitia moto.

Leo kinyozi ana tundu upande mmoja, na tundu halikauki. Kila jioni, apende asipende, hukaa na kitambaa kikavu akafuta. Na atafuta mpaka kaburini.