Kadi Iliyotibu Ukoo Mzima

Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini bila kelele, ukapapasa ngozi ya Ambakisye, ukauona mshipa. Huo ulikuwa Mkono-Tabibu, fahari ya hospitali mpya ya Mbeya. Haukupoteza muda kupima damu, kwa kuwa ulibeba kumbukumbu za matibabu za kila raia. Mhandisi Tunsume ndiye aliyeuchagua. Sasa alisimama nyuma ya kioo akimtazama mumewe, aliyegongwa na gari na kuzimia, akijipa moyo kwamba mtambo ule haukosei.

"Pole, Ambakisye," mtambo ulisema kwa upole. "Nakuandalia damu ya kundi B. Natumaini mtoto uliyejifungua mwaka juzi hajambo."

Subilaga, dada wa Ambakisye, aliyesimama kando ya Tunsume, alicheka machozi yakiwa hayajamkauka. "Kumbe hausahau! Huyo ni binamu yetu Tusajigwe, wifi. Alijifungua kwa kadi ya kaka."

Tunsume akamgeukia Subilaga. Akamuuliza nani mwingine aliitumia. Subilaga akaeleza kwamba bima ilikuwa ya kaka peke yake. Basi mjomba alipasuliwa ngiri kwa kadi hiyo, shangazi akatibiwa sukari, na karani wa mapokezi, jirani yao, alifumba macho.

"Imetibu ukoo mzima. Kwani kwenu hamkuazimana?"

Waliazimana. Tunsume alikumbuka vikao vya kuchagua mtambo. Walibishana juu ya kasi, bei, hata ulaini wa vidole. Hakuna aliyefungua kumbukumbu moja akamwuliza mwenyewe kama ni zake. Yeye ndiye aliyesema mtambo wenye akili utachuja wenyewe. Haukuchuja. Uliwakusanya ndugu wote ukawafanya mtu mmoja, ukamwandalia Ambakisye damu ya mmojawapo.

Mfuko ulikuwa umeshaning'inia. Alibonyeza kitufe cha dharura. Sindano ikasimama juu ya ngozi.

Daktari alikuja mbio, akachukua tone la damu, akalipima mwenyewe. Alipoona jibu, aliuondoa mfuko wa B, akaagiza damu ya kundi O.

"Wifi, umemwokoa," Subilaga alinong'ona.

Tunsume hakumsikia. Kutoka chumba cha pili, sauti ile ile ya upole ilikuwa ikimpa pole bibi kizee, ikimwuliza kama tohara yake ilipona vizuri. Kitufe kilizima mkono mmoja tu. Hospitali ilikuwa na mingi, na mji mzima uliazimana kadi.

Akaanza kukimbia.